Kisu hiki au kile? Namna ya kulinganisha visu vya upasuaji wa mtoto wa jicho katika thieta yako

"Sista, nipe kingine."

Maneno hayo matatu, yakitoka kwa daktari aliyeinamia darubini, ndiyo ripoti ya kweli kuliko zote kuhusu ubora wa kisu. Bahati mbaya hayaandikwi popote. Mwisho wa mwezi mtu wa manunuzi anakuja na bei mbili, anauliza visu hivi vinatofautiana nini, nasi tunamjibu, "Hiki kinakata vizuri." Anaagiza kile cha bei nafuu. Utamlaumu kwa lipi?

Mwongozo huu ni kwa wauguzi wa thieta ya macho, madaktari na madaktari wasaidizi wanaotaka kumpa jibu lenye mashiko. Vifaa ni vichache: daftari, saa ya simu, fluoresini (rangi ya kuonyesha jeraha linalovuja), na mtu mmoja mkaidi wa kuandika. Nimejikita kwenye upasuaji wa mtoto wa jicho kwa mkono, ule tunaouita SICS, kwa sababu ndio unaobeba mzigo katika hospitali nyingi za mikoa na kambi za macho huku kwetu.

Hatua ya 1: Chagua swali moja, tena dogo

Katika SICS jicho moja hukatwa kwa visu tofauti, kila kimoja na kazi yake. Kwanza huchorwa mkato wa nje kwenye sklera, ule weupe wa jicho: milimita 6 hadi 7, umbali wa milimita 1.5 hadi 2 nyuma ya limbasi, mpaka ambapo weupe huo unakutana na konea (kioo cha mbele cha jicho), kina kikiwa kama nusu ya unene wa sklera. Kisha kresenti, kisu chenye kichwa cha mviringo kama mwezi mchanga, huchimba handaki kutoka hapo hadi kuingia milimita 1 au 1.5 ndani ya konea. Baada yake keratomu, yenye umbo la mkuki, hutoboa na kuingia chemba ya mbele, nafasi yenye maji nyuma ya konea, kisha hupanua mlango wa ndani mpaka uzidi ule wa nje kwa upana. Pembeni hutobolewa tundu dogo kwa kisu cha nyuzi 15. Handaki likichongwa sawasawa, shinikizo la jicho lenyewe hulifunga, na mgonjwa hutoka bila uzi.

Sasa chagua. Kresenti ya kampuni moja dhidi ya kresenti ya kampuni nyingine. Au keratomu mpya dhidi ya keratomu iliyokwisha kutumika mara mbili. Au chuma dhidi ya almasi. Usilinganishe vyote kwa mpigo, na usilinganishe visu huku ukibadilisha na aina ya upasuaji. Mwaka 2007 Sanduk Ruit na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio la Nepal lililopambanisha SICS na upasuaji wa fako, ule wa kuvunja lenzi kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Baada ya miezi sita, asilimia 98 ya wagonjwa wa kila upande walikuwa wanaona 6/18 au zaidi (kuona kwa mita 6 kile ambacho jicho zima huona kwa mita 18) kwa miwani inayowafaa, lakini SICS ilichukua wastani wa dakika 9 na fako dakika 15.5. Ni matokeo makubwa kwa nchi maskini, ila hayakuambii lolote kuhusu kisu. Hayo yalikuwa mashindano ya upasuaji mzima kwa upasuaji mzima.

Ukitaka kuona jinsi kifaa kinavyoweza kukata kwa ustadi wa ajabu kisha faida isionekane kwa mgonjwa, tazama leza ya femtosekunde. Hukata duara kwenye mfuko wa lenzi kwa usahihi ambao mkono wa binadamu haufikii. Majaribio mawili makubwa yaliyochapishwa 2020, FACT la Uingereza na FEMCAT la Ufaransa, hayakuikuta ikiishinda fako ya kawaida kwa yale yanayomhusu mgonjwa, na gharama yake iko juu. Mgonjwa harudi nyumbani na duara, anarudi na uwezo wa kuona. Kumbuka hilo utakapofika kuchagua cha kupima.

Hatua ya 2: Vifahamu visu kabla ya kuvishindanisha

Kisu cha chuma cha kutumika mara moja ndicho kilichozoeleka. Kinakuja na makali ya kiwandani, na kuanzia jicho la kwanza makali hayo yanashuka. Kuna wanaovunja kipande cha wembe na kukibana kwenye kishikio. Msicheke, kwa mkato wa nje wembe mpya ni mkali kwelikweli, na wapo mafundi wakubwa waliouzoea. Kwa handaki haufai, umbo lake haliruhusu.

Almasi ni habari nyingine. Katika kipimo cha Mohs cha ugumu ina 10, yakuti ya buluu 9. Haichakai kwa kukata nyama laini ya jicho. Inachofanya ni kumeguka. Ikigusa koleo, ikigusa ukingo wa trei, ikipanguswa kwa gozi, imekwisha, na huwezi kuona kwa macho matupu kwamba imekwisha. Pia almasi haikupi ukinzani. Mkono uliolelewa na chuma husukuma kwa nguvu ulizozoea na kujikuta umezama kuliko ulivyokusudia. Ukimpa daktari kisu cha almasi leo na kuanza kuandika matokeo leo, utakuwa unapima ugeni wake. Mpe macho kadhaa ya kukizoea kwanza, hayo usiyahesabu.

Na kisu butu kinaharibu nini hasa? Kresenti butu hulazimisha mkono kusukuma, na handaki hupoteza kina chake. Likipanda juu sana, paa huwa jembamba na kutoboka. Likishuka chini sana, unaingia chemba ya mbele mapema, airisi, ile sehemu yenye rangi ya jicho, inachungulia, damu inafuata. Keratomu butu ina ubaya wake wa pekee: inasukuma konea badala ya kuipasua, kisha ghafla inazama, na mara nyingine inaubandua utando wa Descemet ulio upande wa ndani. Konea ya mgonjwa huyo kesho yake itakuwa na ukungu.

Hatua ya 3: Pata ruhusa

Ikiwa unaandika tu yale ambayo thieta yenu inafanya siku zote, hiyo ni tathmini ya huduma: mjulishe mkuu wa idara na kamati ya ubora. Ikiwa utagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, huyu kisu hiki na yule kile, huo ni utafiti. Lazima upite kamati ya maadili, wagonjwa waridhie kwa maandishi, na kwa Tanzania NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, ihusike, kwa Kenya kuna leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Jambo moja niliseme wazi: kisu kilichoandikwa na kiwanda kwamba ni cha mara moja hakigeuki kuwa cha mara tatu kwa sababu wewe umeamua kukilinganisha. Kama tayari vinarudiwa mnakofanya kazi, andika ukweli huo. Kama havirudiwi, usianzishe.

Hatua ya 4: Kipe kila kisu umri

Hapa ndipo ulinganisho mwingi unapofia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ukiuliza thieta nyingi kisu hiki kimetumika mara ngapi, utaambiwa "bado kizuri". Kisu hakina kumbukumbu. Huwezi kuchora alama kwenye makali, na alama ya kalamu kwenye mpini huondoka na mvuke wa autoklevu, mashine ya kutakasa vifaa. Njia iliyonisaidia ni kisanduku cha chuma chenye vyumba vinne, vyumba vina namba: 0, 1, 2, 3. Kisu kipya kinakaa chumba 0. Kikitoka kwenye jicho la kwanza na kusafishwa, kinaingia chumba 1, na kuendelea. Kinachotoka chumba cha mwisho hakirudi kisandukuni. Anayehamisha ni mtu mmoja kwa zamu, jina lake liko ukutani.

Kabla ya kila jicho, kikague kisu chini ya darubini kwa ukuzaji wa juu. Kigeuze polepole mbele ya taa. Makali yaliyo hai hayarudishi mwanga, unaona mstari mweusi tu. Palipofifia au kupinda panang'aa kama kiuzi cheupe. Andika: safi, kina alama, kimekataliwa. Kisu kilichokataliwa kabla hakijagusa jicho nacho ni matokeo, na ni moja ya matokeo muhimu. Kiwanda kinachokutolea visu vyenye kasoro ndani ya pakiti mpya kinastahili kuonekana kwenye daftari.

Jaribio la ukali fanya baada ya upasuaji, kisu kikiwa kinakwenda kutupwa. Vuta plastiki nyembamba ya kufungia chakula juu ya kikombe kidogo, ikaze kama ngoma, shusha ncha bila kusukuma. Kisu kikali kinapita bila plastiki kubonyea. Kilichochoka kinaibonyeza kwanza, kisha kinapasua kwa kishindo kidogo unachoweza kukisikia. Kishindo hicho ndicho kile kile kinachotokea kwenye konea, ila huko hukisikii.

Hatua ya 5: Pima ufanisi bila kumharakisha daktari

Muda wa upasuaji mzima hauna maana hapa, umejaa mambo mengine: lenzi ngumu, mgonjwa anayekohoa, umeme. Pima kuanzia kisu kinapogusa sklera hadi keratomu inapomaliza kupanua mlango wa ndani. Saa ishikwe na muuguzi mzungukaji, na asitamke namba kwa sauti. Nimeona daktari mtaratibu akigeuka mwanariadha kwa kusikia tu "dakika moja na nusu".

Pamoja na muda andika mambo matatu: je, daktari aliomba kisu kingine? Je, alilazimika kurudia mkato? Je, mwisho palihitajika uzi? Uzi mmoja wa nailoni 10/0 unaweza kula muda wote uliouokoa kwa kisu cha kasi, na baadaye kuvuta konea.

Mstari wa daftari langu ulionekana hivi: namba ya mgonjwa, jicho la kulia au kushoto, ugumu wa lenzi, aina ya kisu, chumba kilikotoka, sekunde, kingine, ndiyo au hapana, mkato kurudiwa, ndiyo au hapana, uzi, ndiyo au hapana, kasoro. Jina la mgonjwa halimo. Mstari mmoja, jicho moja. Ukiongeza safu wima ya kumi na tano hakuna atakayeijaza.

Hatua ya 6: Pima usalama mara tatu

Mara ya kwanza ni mezani. Andika paa lililotoboka, kuingia mapema, airisi kutoka, damu chemba ya mbele, utando wa Descemet kubanduka. Mfuko wa lenzi ukipasuka uandike pia, ila usikimbilie kuibebesha kresenti lawama, maana mara nyingi mfuko hupasuliwa na vifaa vingine. Mwisho wa upasuaji fanya kipimo cha Seidel: weka fluoresini asilimia 2 juu ya jeraha, washa mwanga wa buluu, tazama kama kuna kijito kinachochirizika ndani ya rangi. Kikiwepo, jeraha linavuja. Kipimo cha dakika moja, na kwa maoni yangu kina thamani kuliko saa yote uliyoishika.

Mara ya pili ni asubuhi inayofuata. Uwezo wa kuona bila miwani na kwa tundu la pini, uwazi wa konea, kina cha chemba, shinikizo la jicho. Anayepima asijue kisu kilichotumika. Ukimkuta mgonjwa mwenye konea yenye ukungu kutoka limbasi hadi limbasi, ndani ya saa 12 hadi 48, bila maumivu makubwa, fikiria sumu iliyoingia na kifaa. Uambukizo wa bakteria kwa kawaida hujitokeza baada ya siku chache, na maumivu. Hata hivyo usikae nyumbani ukitafakari ni kipi kati ya hivyo viwili, mwite daktari saa hiyo hiyo.

Mara ya tatu ni wiki ya sita, unapopima miwani. Ukitaka kujua kisu kimeipinda konea kiasi gani, unahitaji vipimo vya keratometa, kifaa cha kupima mpindo wa konea, vya kabla na baada, pamoja na mhimili wake. Kutoa namba moja kwenye nyingine kunadanganya, kwa sababu mpindo una mwelekeo. Tumia kikokotoo cha vekta, vipo vya bure.

Hatua ya 7: Safisheni sawa, la sivyo mnalinganisha beseni

Almasi ikioshwa kwa maji yaliyochujwa na chuma kikaoshwa kwa maji ya bomba, hukulinganisha almasi na chuma. Ute wa methili selulosi, unaotiwa jichoni wakati wa upasuaji, ukikaukia kwenye kisu hautoki kirahisi, basi uoshwe mara tu kisu kinapotoka jichoni. Sabuni ya vimeng'enya isuuzwe hadi iishe, maji ya mwisho yawe tasa yaliyokenekwa. Mabaki ya sabuni ndiyo moja ya vyanzo vinavyojulikana vya ile sumu niliyoitaja. Autoklevu ifike nyuzi 121 kwa angalau dakika 15, au 134 kwa angalau dakika 3, ikihesabiwa tangu joto lilipofika, si tangu ulipobonyeza kitufe. Kuloweka visu kwenye glutaraldehaidi, dawa kali ya kuua vijidudu, kwa kisingizio kwamba mvuke unaua makali, acheni. Tone lake likibaki kwenye kisu, konea italipa.

Hatua ya 8: Gawa kwa haki

Daktari yule yule atumie visu vyote viwili. Wanaojifunza wawe na daftari lao. Andaa bahasha zilizofungwa, zichanganywe, ifunguliwe moja kwa kila mgonjwa wakati yuko mezani tayari. Bila bahasha, kisu kipya kitaangukia macho magumu kwa huruma, au macho rahisi kwa kujipendekeza, na vyote viwili vinaharibu hesabu. Kuna na swala la saa: jicho la ishirini la siku ya kambi halikatwi kwa mkono wa jicho la kwanza.

Andika mapema pia lini mtasimama. Sisi tulikubaliana kwamba majeraha mawili yanayovuja kwa kisu cha aina moja ndani ya siku moja yanatosha kukiweka pembeni na kukaa kikao. Kanuni hiyo iandikwe kabla, kwa kuwa baadaye kila mtu atakuwa na kisu anachokipenda.

Hatua ya 9: Isome sifuri kwa adabu

Umemaliza macho 60 kwa kila kisu. Hakuna hata moja lililopata uambukizo wa ndani. Mtu ataandika kwenye ripoti: "Visu vyote ni salama." Subiri kidogo.

Kuna kanuni nyepesi ya takwimu: tukio lisipotokea hata mara moja katika macho kadhaa, gawanya 3 kwa idadi ya macho hayo, unapata kiwango cha juu ambacho bado huwezi kukikanusha. Tatu kwa 60 ni asilimia 5. Yaani sifuri yako inaruhusu kisu kinachoambukiza jicho moja katika kila 20, jambo ambalo lingefunga thieta. Ukifika macho 300, unaweza kusema tu kwamba hakizidi asilimia 1. Uambukizo huu ni adimu mno kwa daftari la thieta moja, kwa hiyo daftari lako lipime yale yanayotokea mara kwa mara na yanayoutangulia: kuvuja, kutoboka, uzi wa ziada. Jeraha linalovuja ni mlango ulioachwa wazi. Povidoni aiodini (dawa ya kuua vijidudu) asilimia 5 kabla ya mkato, na sefuroksimu (antibiotiki) miligramu 1 chemba ya mbele kwa wenye nayo, zibaki pale pale kwa makundi yote mawili.

Kwa sekunde tumia namba ya katikati badala ya wastani. Jicho moja lililochukua dakika nane linaweza kuuvuta wastani mzima.

Hatua ya 10: Bei kwa jicho, si bei kwa kisu

Tuseme kisu cha almasi kinagharimu shilingi 3,000,000 na kitahudumia macho 1,000. Ni shilingi 3,000 kwa jicho, hakuna chuma kitakachoshindana. Lakini kikidondoka kwenye jicho la 40, kila jicho limegharimu 75,000. Swali basi haliko kwenye almasi, liko kwenye trei yenu na mikono inayoipokea. Thieta yenye watu wawili wa kudumu inaweza kuitunza. Thieta ya kambi, yenye meza tatu na watu wa kuazima, mimi nisingeipa.

Kwa chuma, jumlisha bei ya kisu, cha pili kilichoombwa, uzi uliotumika, na vile vilivyokataliwa chini ya darubini. Kisu cha nusu bei ambacho kimoja kati ya vitatu hukataliwa kimekwisha kupoteza sehemu kubwa ya unafuu wake.

Walio na kitengo cha retina

Mantiki ni ile ile, kisu chake tu ni cha namna nyingine. Mashine ya kukata vitreasi, ute unaojaza sehemu ya nyuma ya jicho, iliyoanzishwa na Robert Machemer kule Miami mwanzoni mwa miaka ya 1970, hukata ndani ya bomba huku ikifyonza. Geji 20 ina kipenyo cha takriban milimita 0.9, geji 23 ni 0.6, geji 25 ni 0.5, geji 27 ni 0.4. Kipenyo cha bomba kikipungua nusu, mtiririko kwa shinikizo lile lile hushuka hadi moja ya kumi na sita, ndiyo maana tundu dogo, lililo bora kwa jeraha, hulipwa kwa muda. Mikato mingi kwa dakika hupunguza kuvuta retina. Lakini usikubali kusomewa idadi ya mikato peke yake, uliza pia mdomo wa bomba unabaki wazi kwa sehemu gani ya muda. Mashine mbili za kasi moja zinaweza kutofautiana sana hapo.

Hatua ya mwisho: Nani aone kwanza

Waonyeshe wapasuaji kabla ya mtu wa manunuzi, kila mmoja na namba zake peke yake, faragha. Kwetu daktari aliyekuwa akisifu keratomu za chumba 3 alikaa kimya kwa muda mrefu juu ya karatasi yake, kisha akauliza kama "kingine, ndiyo" zote zile kweli ni zake. Nilimwambia, "Daktari, nilikuwa nimesimama pale." Jioni ile ile, kabla mtu hajaanza kuuliza kama vitafaa kwa kambi ya Jumamosi, nilivimimina vilivyokuwa chumba 3 kwenye boksi la vitu vyenye ncha kali.